Unyoya wa Kuku Shavuni

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, niliyocheka zahanati mpaka kanga ikanidondoka. Hebu weka chini hicho kikopo chako cha mkorogo wa kung'arisha uso, nikwambie.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa, huko upande wa Mungaa, na nilikuwa nimejifungua mtoto wangu wa kwanza, huyu shangazi yako Mariamu. Tangu mimba yake mashavu yangu yalitoka mabaka meusi, huku na huku, kama nimeshikwa uso na mikono ya masizi. Tukienda shamba la kijiji, jua linayakoleza. Babu yako hakuona kitu. Unamjua, hata nyumba ikiungua atauliza kwanza ugali uko wapi.

Basi mimi mjanja nikachukua magadi yetu ya ziwani. Si yanalainisha mboga ya mlenda? Nikajiambia, shavu litayashindaje! Kila asubuhi magadi na gunzi, nasugua kama sufuria. Wiki haikuisha, uso ukachubuka. Ulipopona, mabaka yakawa meusi kuliko mwanzo.

Mama mkwe akaniangalia kwa mbali. Yeye alikuwa anaongea kwa puani, hivi: "Nnnh. Huu ni ukoma." Kuanzia hapo nikatengewa bakuli na kibuyu changu, nakula nyuma ya ghala na kuku. Hayo nilivumilia. Ila jioni moja akasema kesho Mariamu anapelekwa Mtinko kwa wifi yangu, akanywe maziwa ya mbuzi. Mtoto wa miezi mitatu, mwanangu! Ziwa langu limejaa, nipelekewe mtoto Mtinko?

Kulipokucha nikambeba mgongoni, huyo, zahanati. Nasikia fimbo nyuma yangu, ko, ko, ko. Mama mkwe ananifuata, ahakikishe sitoroki na mjukuu wake.

Nesi alikuwa Mnyiramba mfupi, maneno yanamruka kama bisi chunguni. Akauliza yalianza lini, nikasema kwenye mimba. Akauliza nimepaka nini. Nilipotaja magadi akajishika kichwa. Akatoka barazani, akaokota unyoya wa kuku, akausafisha.

"Fumba macho. Nikikugusa, sema."

Nikasema hapa. Hapa. Na hapa. Alipofika chini ya jicho nikaangua kicheko, kanga ya mabegani chini, Mariamu naye akaamka analia.

Nesi akamgeukia mama mkwe. "Bibi, baka la ukoma mara nyingi linakufa ganzi. Hili linacheka. Haya ni ya mimba na jua, ndiyo maana yamekaa mashavu yote mawili. Kilichomchubua ni magadi yake. Na hata ingekuwa ukoma, dawa ipo, mtu hatupwi nyuma ya ghala."

Mama mkwe akaegemeza fimbo ukutani. Halafu kwa puani, polepole: "Na mimi nipime." Akafumba macho. Unyoya ulipomgusa, yule mama ambaye sijawahi kuona meno yake akacheka kama msichana wa ngoma!

Njiani akamtoa Mariamu mgongoni kwangu. Nikajua ndiyo safari ya Mtinko. Kumbe anambeba tu, nipumzike. Akanywa uji kwenye kibuyu chake alichokuja nacho, akafuta mdomo, akanipa mimi kibuyu hichohicho. Tukanywa mpaka nyumbani.

Mabaka yalififia taratibu, mwaka na zaidi, kwa kofia ya ukindu na kuacha kusugua. Haya mawili yamebaki, na babu yako hajayaona mpaka leo.

Kwa hiyo, mwanangu, ngozi ikibadilika usiisugue wala usiikoroge. Jikinge na jua, nenda ukaangaliwe na anayejua. Baka lisilosikia ukiligusa, usilale nalo, wahi. Na ukimwona mwenzako ana baka, usimtengee bakuli. Mungu akupe uso wa kucheka, na mkwe wa kunywa naye kibuyu kimoja. Haya, hicho kikopo nipe mimi.