Ng'ombe Nilitoa Mimi

Mimi nina mke. Wageni wanaokuja huku kutafuta dhahabu wakisikia hivyo hucheka, nami huwaacha wacheke kwanza, kisha nawaeleza. Kwetu Wakurya, mama ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke, na watoto wa mwanamke huyo wakawa wa nyumba yake. Tunaiita nyumba ntobhu. Mume wangu alishafariki, mabinti zangu wote wameolewa, nikatoa ng'ombe wangu mwenyewe nikaoa. Yeye ananiita mama, mimi namwita mke wangu, na wanawe wawili wananiita bibi. Ndiyo familia yetu. Anayeona ajabu na aone.

Mwaka wake wa tatu kwangu alilima mpaka kijiji kikashangaa. Aliamka kabla ya jogoo, akamaliza shamba letu la mahindi, akahamia la jirani na kulilima bila kuombwa. Huku anaimba. Akasema atafungua duka, atajenga kanisa, atanunua lori la kubebea mihogo. Alikula kidogo, akalala kidogo zaidi. Wanaume wa ukoo waliniambia nimeoa trekta. Nami, mjinga mimi, nilitembea sokoni kifua mbele. Yaani tuliusifu ugonjwa, tukaupigia makofi, na mavuno yake tukayala. Hilo bado linaniuma.

Palizi ilipofika, akalala. Alijifunika kanga usoni, hakuoga, hakunyonyesha mpaka mimi nimwekee mtoto kifuani. Midomo ile ile iliyomsifu ikamwita mvivu. Wiki iliyofuata ikasema amerogwa. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, akaleta mganga. Mganga alimchanja mke wangu chale akaondoka na mbuzi wangu. Nilinyamaza kwa sababu nilimwogopa shemeji. Siku mke wangu aliponiambia, kwa sauti ndogo, kwamba angetamani asiamke tena, nikaogopa jambo kubwa kuliko shemeji. Nilimpakia kwenye bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno, mpaka hospitali.

Muuguzi aliyetupokea aliuliza kwanza mke wangu alikuwaje kabla ya kulala. Nikamsimulia kwa fahari alivyolima. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kulima kule na kulala huku ni ugonjwa mmoja wenye pande mbili, unaitwa baipola, una dawa, na dawa zenyewe mtu haachi kwa kujiona amepata nafuu. Nilibishana naye. Kulala nilikuwa tayari kukubali kwamba ni ugonjwa, lakini ile kazi? Kazi yote ile? Akaniambia familia nyingi hukwama hapo hapo.

Dawa zilichukua muda. Moja ilimtetemesha mikono, ikabadilishwa. Taratibu akaanza kurudi: akadai chai, akasuka nywele, akanigombeza kwa kuunguza maharage. Nilifurahi kugombezwa, acha tu.

Basi Jumapili moja, wakati wa matangazo kanisani, nilisimama. Nilikuwa nimemwomba ruhusa yeye kwanza, akasema niseme tu, maana wenzetu wanasema kila siku. Nikalitaja jina la ugonjwa. Nikaeleza tulivyokosea, nikasema mwenye mgonjwa wa namna hii asimfungie ndani, aje kwangu tufuatane hospitali. Mficha maradhi kilio humfichua. Wengine wakainamisha vichwa kana kwamba nimetukana. Lakini kufika Jumatano alikuwa amekuja mama mmoja aliyekuwa akimfungia mwanawe ghalani, na mchimbaji kutoka Shinyanga aliyekuja kwa ajili ya kaka yake. Niliwapa uji, tukapanga siku ya safari.

Shemeji alipopata habari alikuja kwangu kwa hasira. Ugonjwa alikuwa ameuvumilia. Mdomo wangu ndio uliomshinda. Alisema nimeutangaza ukoo kuwa ukoo wa vichaa, sasa nani ataolewa kwetu, nani ataoa binti zetu. Akatuma ujumbe kwa baba wa mke wangu aje amchukue bintiye na arudishe ng'ombe. Watoto wabaki. Mimi sikuulizwa. Mke wangu aliposikia kwamba watoto watabaki, alikaa chini palepale jikoni, nami nikadhani analala tena. Akaniuliza kama nitakubali atenganishwe na wanawe. Nikamwambia hawanijui hawa.

Siku ya kurudisha ng'ombe walifika asubuhi. Baba wa mke wangu, mzee mpole, aliwatanguliza ng'ombe kwa fimbo kuelekea zizini. Wanaume wa ukoo walikuwa wameshakaa, tena kwenye viti vyangu. Nilikwenda kwenye lango la zizi, nikapitisha magogo yote, moja juu ya jingine, nikasimama mbele yake. Ng'ombe nao wakasimama. Shemeji akaniamuru nifungue.

Niliwakumbusha mila yao wenyewe: mke hawi ameachika mpaka aliyemwoa apokee ng'ombe wake.

"Nani alimwoa huyu?" nikawauliza. "Ng'ombe nilitoa mimi. Sipokei."

Shemeji akaanza kusema kwamba mwanamke hawezi kuwa mume, akakwama katikati. Maana kama mimi si mume, wale watoto aliotaka wabaki si wa ukoo wake. Nikamwambia amalize, tunamsikiliza. Hakumaliza. Kusema kweli nilifurahi, na sitaomba msamaha kwa furaha ile.

Ndipo mke wangu akatoka ndani, mtoto mdogo mgongoni, mkubwa amemshika mkono. Akamwamkia baba yake shikamoo. Mzee akaitikia, kisha akamuuliza jambo ambalo hakuna mwanamume pale aliyekuwa amemuuliza tangu aanze kuumwa: yeye mwenyewe anataka nini.

"Mimi ni mgonjwa, baba," akasema. "Sijaachika. Rudi na ng'ombe wako, wana kiu."