Yupo, Hayupo

Mwaka 2018 nilikuwa nimepanga chumba cha nyuma katika nyumba ya mzee mmoja Mkongomani, mtaa wa Troyeville, Johannesburg. Nilikuwa mlinzi wa jengo la ghorofa kule Hillbrow, na kama kawaida yangu nilikuwa nimeshaanza kufikiria mji mwingine. Tangu nitoke Tanga baada ya kidato cha nne nimeishi Mombasa, Nampula, Beira na Durban, na kila mahali, ukiingia mwaka wa pili, nilianza kutamani nilikotoka na nisikokujua kwa wakati mmoja. Mzee alilijua hilo. Akiona nimekaa kimya sana aliniambia, "Mutanzania, unafunga mizigo tena mu kichwa."

Alikuwa amefundisha historia kwao Kalemie, Kongo, kwa zaidi ya miaka thelathini, kwa hiyo nilimwita mwalimu. Macho yake yalikuwa yanakwisha. Kwanza giza liliingia katikati, akawa anaona kingo za vitu tu: sikio la mtu, mguu wa meza. Halafu macho yakaanza kumletea watu. Walikuja mchana, wakasimama bila kusema kitu, wakaondoka. Muuguzi mmoja wa kliniki alimweleza kwamba macho yanayokufa wakati mwingine hujitengenezea picha zake, na kwamba huo si wazimu. Mwalimu alimwamini muuguzi. Alichokuwa hana hakika nacho ni kama binti yake angemwamini.

Binti huyo alikuwa na kazi nzuri ya uhasibu na nyumba upande wa kaskazini mwa jiji. Mama yake alikuwa amekufa akiwa amepotewa na akili, akitoka nje usiku kutafuta soko la Kalemie katika mitaa ya Johannesburg, na binti ndiye aliyekuwa akimtafuta. Hakutaka kuyapitia tena. Alikuwa ameshaona nyumba ya wazee, safi, yenye bustani. Alikuwa amemwambia baba yake waziwazi: macho yakienda peke yake utabaki hapa, lakini siku utakapoanza kuona vitu visivyokuwepo, papa, utahama.

Kule hakuna aliyejua Kiswahili wala Kifaransa. Mwalimu aliniambia, "Mi siwezi kufa mu Kiingereza. Sikijui vizuri. Nitakosea."

Basi tukawa na utaratibu wetu. Akimwona mtu alikuwa akiniuliza neno moja, "Iko?" Mimi nilijibu yupo au hayupo. Mwanzoni nilikosea. Asubuhi moja aliona paka barazani, akauliza iko, nikamwona anavyotabasamu, nikasema yupo. Akainama kumpapasa. Mkono ukapita hewani hadi sakafuni, naye nusura aanguke. Hakunigombeza. Alikaa sawa kwenye kiti, akajifuta kiganja kwenye suruali, akasema, "Mimi sina macho mengine. Ukinidanganya, sina kabisa." Siku ile niliapa sitamdanganya tena.

Safari ilitokana na ubao. Miaka yote ile darasani alikuwa akichora kwa chaki piramidi la Wamaya, watu wa kale wa ng'ambo ya bahari, akilinakili kutoka kitabu kimoja cha shule chenye picha moja, na alitaka kufika kule kabla kingo nazo hazijazimika. Binti alimlipia nafasi katika kundi la watalii kumi na wawili, wengi wao wastaafu wa Johannesburg: magofu, miji ya wakoloni, mwisho ufukweni. Akanilipia na mimi, niwe wa kumshika mkono. Uwanja wa ndege alinivuta pembeni.

"Kaka, ukimwona anaona vitu, uniambie. Usinifiche."

"Sawa, dada."

Nilisema sawa. Mwalimu alikuwa ameketi hatua tatu kutoka pale, na masikio yake hayakuwa na tatizo lolote.

Siku ya kwanza ya magofu kulikuwa na joto la kunata kama la Tanga mwezi wa pili. Mwalimu aliweka kiganja kwenye jiwe la chini kabisa la piramidi, akakaa hivyo muda mrefu. Aliniuliza ngazi zina mwinuko gani, mawe yana rangi gani, kama kuna majani yanayoota katikati yake. Nikamweleza yote, mpaka kenge aliyekuwa akiota jua.

"Nilikuwa naichora fupi sana," akasema. "Nilibania chaki." Kisha akanyanyua kidevu. "Ule mama wa nguo nyeupe, kule juu. Iko?"

Ngazi zilikuwa zimezungushiwa kamba. Hakuna aliyeruhusiwa kupanda.

"Hayupo, mwalimu."

"Sawa."

Kesho yake tulilala mji wenye kuta za njano. Kanisa lake lilijengwa kwa mawe ya hekalu walilolibomoa wakoloni, na kiongozi wa msafara, mwanamke mcheshi aliyependa kutuhesabu, alituonyesha jiwe moja la ukutani lenye uso uliochongwa, limewekwa kichwa chini. Nilikuwa nikimweleza mwalimu uso ule pale aliponibana kiwiko.

"Ule mama iko ku mlango."

Nilitazama. Mlango ulikuwa wazi, ndani giza na mishumaa.

"Hayupo."

"Hana tiketi ya basi," akasema mwalimu taratibu, "lakini anafika mbele yetu."

Tulicheka. Kiongozi akageuka kututazama, nami nikaanza kuzungumza kwa sauti juu ya mishumaa.

Siku ya nne tulitoka mjini kwenda kuona jumba la shamba la zamani. Hakuna aliyekuwa ameniambia ni shamba la nini. Nilishusha mguu kutoka kwenye basi, nikasimama pale pale hadi mtu nyuma yangu akasema, "Eish, bwana, sogea."

Ilikuwa mikonge, mistari na mistari ya mikonge, imenyooka mpaka macho yanapoishia, udongo ukionekana katikati. Reli nyembamba za vitoroli. Bomba refu la moshi la matofali. Banda la mashine. Nimezaliwa kambini, katika shamba la mkonge, mwendo wa saa moja kutoka Tanga mjini. Bomba la kwetu lilikuwa upande huu huu wa banda. Nyumba ya meneja ilikuwa pale pale ilipokuwa hii, na baraza lake lilitazama huku huku. Nikajua, kabla sijafika, kwamba nyuma ya banda kutakuwa na birika la maji la saruji. Nilikwenda. Lilikuwepo.

Mwongozaji wa pale alituambia mbegu za mashamba ya Afrika Mashariki zilitoka nchi hii, zilichukuliwa na Wajerumani. Nilikumbuka ghafla kwamba niliwahi kulisoma hilo kidato cha pili, nikalijibu kwenye mtihani, nikalisahau. Tofauti niliyoiona ni moja: majani yao yana miiba midogo pembeni, na yetu yana mwiba wa ncha tu. Mwiba huo wa ncha ndio uliomtoa baba yangu jicho la kushoto. Tangu hapo alitembea ameinamisha kichwa upande, ili jicho lililobaki limwonyeshe njia, na bega la kulia alilitandikia kitambaa cha bluu chini ya mzigo. Alikufa nikiwa Beira. Walimzika bila mimi. Sikwenda hata kaburini, nilikuwa nasema nitakwenda mwaka ujao.

Wenzetu waliingia kwenye jumba kutazama vitanda. Mwalimu alichoka, tukakaa kwenye kivuli cha banda, tukitazama shamba. Mashine zilikuwa zimeoza, mwongozaji alisema hazijawashwa tangu zamani za babu yake. Hata hivyo nilisikia ile harufu. Aliyekulia kambini anaijua: maji ya makapi ya mkonge, uchachu unaokaa kooni, nguo zinaubeba hadi kitandani. Nilifikiri ni kumbukumbu tu.

"Kunanuka," mwalimu akasema.

Nikanusa tena.

"Mutanzania. Ule mwanaume mwenye mzigo ku bega. Anakuja kati ya ile mistari. Iko?"

Nilitazama. Palikuwa na mtu. Alikuwa mbali kiasi cha uwanja wa mpira, anakuja polepole, na kitita cha majani begani. Jua lilikuwa kali na kila kitu kilionekana wazi. Begani, chini ya kitita, palikuwa na bluu.

"Yupo," nikasema.

"Anatembea kichwa upande."

Sikuwa nimewahi kumwambia mwalimu habari za baba yangu, wala jicho lake, wala mkonge. Mtu yule alifika katikati ya mstari, akatua mzigo, akasimama kama anayepumzika. Kichwa kilikuwa kimeinama upande ule. Nilitaka kuinuka nimwendee. Ndipo mwongozaji akaniita kwa nyuma, akiuliza kama mzee anahitaji maji. Niligeuka, nikasema hapana, asante. Nilipotazama tena mistari ilikuwa mitupu.

Nilimuuliza mwongozaji wakata mkonge wa pale wanaishi wapi. Akacheka. Shamba lile ni la maonyesho, akasema, hakuna anayekata. Kuna bawabu tu, na bawabu nilimwona getini, mnene, ana kiti chake.

Niliingia shambani. Nilifuata mstari ule ule hadi pale alipotua mzigo. Hapakuwa na jani lililokatwa wala alama ya mguu. Kati ya mkonge na mkonge, usawa wa kifua changu, buibui alikuwa ametandaza wavu kutoka mstari huu hadi wa pili, mpana, mzima, haujakatika uzi hata mmoja. Hakuna aliyepita pale siku ile. Nilirudi nyuma bila kuugusa.

Tulifika ufukweni kesho yake. Bahari ilikuwa ya rangi ya kwenye matangazo, lakini ukingoni mwani wa kahawia ulikuwa umerundikana na kuoza, na watalii waliupita wakiwa wameziba pua. Nilimkalisha mwalimu kwenye kiti cha turubai, maji yakamfikia vidoleni.

"Ule wa ku shamba," akasema. "Ulimjua."

"Ni baba yangu."

"Iko muzima?"

"Alishakufa, mwalimu."

Akachimbia vidole mchangani. Wimbi likaja, likarudi. "Basi ulinidanganya tena."

"Sikukudanganya. Nilimwona. Uliniuliza kama yupo, na mimi nilimwona."

Alianza kucheka, kicheko cha tumboni, hadi machozi yakamtoka. "Ah! Sasa tuko babili. Nani atachunga mwenzake?"

Kisha kicheko kikakatika. Alinishika mkono, akaukaza.

"Na ule mama wa nguo nyeupe? Ulisema haiko. Ulikuwa na hakika?"

Nilifungua mdomo kusema ndiyo. Nikaukumbuka ule mlango wa kanisa, ule weusi wa ndani, na jinsi nilivyotazama haraka haraka kwa sababu kiongozi alikuwa karibu. Nilimwambia sijui. Hakuniuliza tena juu ya yule mama, na hakumwona tena, au hakusema.

Tulirudi Johannesburg mwezi wa nane, upepo mkavu, majani ya miti ya mtaani yamekwisha. Jumapili ya kwanza binti alikuja na keki. Tulikaa barazani, mwalimu katika kiti chake karibu na mlango, sisi wawili kwenye ngazi. Geti letu ni la vyuma, barabara unaiona yote mpaka kwenye robot, zile taa za magari.

Binti hakuzunguka. "Kaka, nilikuomba kitu uwanja wa ndege. Papa anaona vitu?"

Nikaona siwezi kumwambia hapana. Nikamwambia anaona. Nikamweleza habari za muuguzi, na za utaratibu wetu, kwamba yeye huuliza na mimi hujibu, na akijibiwa anatulia. Kwamba mtu aliyepotewa na akili haulizi.

Uso wake ulikuwa umeshakunjamana. "Anaona, na hamkuniambia. Tangu lini? Mama naye alianza hivi hivi."

"Mutanzania," mwalimu akaita kutoka kitini kwake.

"Naam, mwalimu."

"Ule mwanaume ku geti. Iko?"

Binti aligeuka upesi. "Papa, hakuna mtu."

"Sikukuuliza wewe, mama. Namuuliza yeye."

Nilitazama getini. Jua lilikuwa la saa tisa. Nilitazama mpaka nikahisi binti ananitazama mimi.

"Hayupo, mwalimu," nikasema.

"Sawa," akasema, akanyoosha mkono kutafuta kikombe chake, akakipata, akanywa.

Binti alikaa akimwangalia baba yake anavyokunywa chai. Mzee hakuinuka kutafuta kitu, hakubisha, hakuogopa. Alikuwa ameuliza, akajibiwa, yakaisha. Niliona mabega ya binti yakishuka.

"Basi abaki," akanong'ona. "Lakini na wewe ubaki. Ukiondoka wewe, na yeye anahama."

Nilikubali, mimi ambaye sijawahi kumwahidi mtu mwaka mzima. Nilikaa katika nyumba ile hadi mwalimu alipofariki mwaka uliofuata, kitandani kwake, akizungumza Kiswahili cha Kalemie hadi asubuhi ya mwisho.

Hakuwahi kunirudia swali la siku ile. Ila ile "sawa" yake naijua, ndiyo aliyoitumia jioni aliponiuliza maswali ya historia nikakosea, sauti ya mwalimu anayelipokea jibu na kumwachia mwanafunzi aende nalo. Maana getini palikuwa na mtu. Alikuwa amesimama nje ya vyuma, kichwa upande, kitambaa cha bluu begani, safari hii bila mzigo. Niliposema hayupo, aliniangalia kwa jicho lake moja, akageuka, akateremka na barabara polepole kuelekea kwenye robot, na mimi nikaendelea kukata keki.