Jino Langu na Kikopo cha Kavindu

Kavindu, mpangaji wangu, hupiga pasi shuka za hoteli huko Diani, na akimaliza kupiga pasi huingia vichakani kutafuta vikopo. Nasema mapema ili msije mkadhani ni mwendawazimu. Ana kazi, ana akili, na ana mashavu mazuri. Ila ukimkuta amelala kifudifudi chini ya daraja, mkono mzima umezama tunduni, usikimbilie kumwita mganga. Muulize kwanza kama amekipata.

Mchezo wenyewe ni hivi. Mtu usiyemjua anaficha kikopo mahali, kisha anatia kwenye simu alama za mahali hapo. Wewe unafuata mshale wa simu yako mpaka inakwambia umefika, halafu inanyamaza kama mume aliyeulizwa alikokuwa. Hapo unatafuta mwenyewe. Ndani ya kikopo mna kijikaratasi. Unaandika jina lako, unakirudisha kikopo kilipokuwa, unakwenda zako.

"Na zawadi?" nilimwuliza siku ya kwanza aliponieleza.

"Hakuna, Susu."

"Hata soda?"

"Raha yake ni kukipata tu."

Huniita Susu, ndiyo bibi kwa Kikamba. Huku kwetu susu ni neno la mtoto aliyebanwa na mkojo, kwa hiyo akiniita sokoni, kila mama hutazama chini kumtafuta mwanawe.

Mchezo alifunzwa na mgeni wa hoteli, bibi kizee wa Kizungu, ambaye Kavindu alimkuta amechutama nje ya chumba cha pasi anapekua mizizi ya mwarobaini. Kavindu akadhani ameangusha hereni, akatoka kumsaidia. Akatia mkono kwenye mizizi, akatoa kikopo. Yule bibi alimrukia, akamkumbatia, wakazunguka wote wawili mpaka huko ndani pasi ikaunguza foronya. Mimi nasema waliruka hata wakatua juu ya paa. Kavindu anakataa, lakini mimi namjua, ana aibu tu.

Tangu hapo hakai. Kimoja amekitoa nyuma ya bango Kwale mjini, askari akimtazama. Kimoja ndani ya bomba huko Tiwi. Kimoja Vanga, ndani ya mikoko, alikokwenda na viatu viwili akarudi na kimoja, na mguu wa pili umevaa kaa. Lakini mngemwona anavyorudi! Huingia jikoni kwangu anacheza, kiuno kinapiga mlango, sufuria zinaitikia. Nami huacha mchuzi nikacheza naye, ijapokuwa sijui tunacheza nini.

Shida ni kwamba mchezo unataka usionekane na mtu, na pwani yetu haikuumbwa kwa mambo ya siri. Huku ukiinama unaulizwa. Siku moja alichutama Kombani, chini ya benchi la muuza viazi karai.

"Umeangusha nini, mwanangu?"

"Si kitu, mama."

"Si kitu huwa ni kitu. Ebu sogea."

Mara muuza viazi yuko chini, dereva yuko chini, akina mama wawili wa mchicha wako chini, matako yote yanaelekea barabarani. Wakatoa kijiko, kandambili, na meno ya kitana. Kikopo hakikuonekana, na Kavindu hakuweza kuendelea kutafuta, maana watu wamekusaidia, utawakimbiaje? Ilimbidi akae ale viazi, aulizwe ana watoto wangapi, mpaka simu ikazima.

Tena hao Wazungu vikopo vyao huviita keshi. Jioni moja Kavindu aliingia uani kwetu anapiga kelele kwenye simu, "Nimepata keshi! Na kule Tiwi kuna keshi nyingine!" Kabla ya magharibi ua ulijaa. Alikuja hata mjomba ambaye hakuwa mjomba. Tangu siku hiyo nimemkataza neno hilo. Ni vikopo, basi.

Hayo yote huyacheka. Lipo moja tu ambalo hakulicheka, nalo ni Lewis.

Mngemjua Kavindu mngeelewa. Alizaliwa huko mashamba ya Shimba Hills nyuma ya pacha wake, Muange, na hapo akabaki. Muange alikula kwanza, alikwenda shule kwanza, viatu vya Kavindu vilikuwa vile vilivyomkataa Muange. Darasani alikuwa wa pili. Hata ubatizo, mchungaji alimaliza maji mazuri kwa Muange. Sasa katika mchezo huu kuna heshima moja: kikopo kikiwa kipya, anayekifikia mbele ya wote huandika jina mstari wa juu kabisa, na hapo hakuna wa kumtoa. Kavindu aliutaka ule mstari wa juu kama mwenye mimba anavyotaka udongo. Na kila akifungua kikopo kipya alimkuta Lewis, kijana wa Mombasa mwenye pikipiki nyekundu, amekwisha andika, na pembeni amechora uso unaocheka.

"Susu, ule uso nauona hata kwenye shuka," aliniambia.

Basi siku yake ya mapumziko, simu ikalia asubuhi nasonga ugali. Akasoma, akashika kifua. "Kikopo kipya! Msambweni, pale samaki wanaposhushwa. Hakijaandikwa na mtu!"

"Mbona umesimama?"

"Ninaogopa watu wataniuliza."

"Twende wote," nikamwambia. "Mwanamke kijana akichungulia ukuta, watu husema mwizi. Ajuza akichungulia ukuta, husema maskini, anatafuta kivuli."

Ugali nikamwachia paka, tukapanda gari, na Msambweni tukashuka mapema. Mshale ukatupeleka mpaka kwenye gofu la ukuta wa matumbawe, matundu matupu kama jibini la wageni, na mbele yake wamekaa mama karanga, wale wanaokaanga samaki wa kuuza, kila mmoja na karai lake na mafuta yanalia. Kavindu akatia kidole tundu la kwanza. Hajafika la pili, sauti ikaja.

"Mwatafuta nini, wapenzi?"

Huyo ni Twaiba, mkubwa wa wale akina mama, jicho lake lingeona sindano ndani ya papa. Kavindu akanitazama. Nami ulimi wangu hauna subira, ukajibu wenyewe:

"Jino langu."

"Jino!"

"La dhahabu. Nilipiga chafya, likaruka likaingia humu ukutani."

Nilidhani nimemaliza. Kumbe nimeanza. Twaiba akaepua karai. "Jamani, bibi wa watu amepotelewa na jino!" Makarai yakaepuliwa yote. Wavuvi wakaacha nyavu. Mzee Jaafar, mkuu wa pale bandarini, akaja na kikapu, akagawa watu: hawa mchanga, hawa ukuta, hawa majini endapo chafya ilikuwa kali. Sijapata kupendwa hivyo tangu arusi yangu. Mtu mmoja aliniletea jino la mbuzi. Mwingine la papa, akasema, "Jaribu, bibi, huenda likakukaa." Kavindu naye amebanwa na watu kila upande, kila tundu analolikaribia tayari lina mkono wa mtu.

"Susu," akaninong'oneza, "umeniua."

Hapo ndipo niliposikia pikipiki. Nyekundu. Akashuka kijana mrefu, kofia ngumu kwapani, macho kwenye simu, anakuja moja kwa moja ukutani. "Lewis huyo!" akasema Kavindu.

Nikajikokota nikamkabili njiani, nikanyoosha mkono. Kijana akaupokea, ana adabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?"

"Mombasa."

"Mombasa ya wapi?"

"Bamburi."

"Mama hajambo?"

"Hajambo." Akavuta mkono. Sikuuachia. Mkono huu ulipata kumshika ng'ombe dume wa mahari mpaka akakubali kuozwa yeye.

"Na baba?"

"Yuko poa."

"Poa ni chai iliyosahauliwa. Baba yako ni mzima?"

"Mzima, bibi."

"Na bibi yako mzaa mama?"

"Alishafariki."

"Inna lillahi! Aliumwa nini?"

Akaanza kunieleza, maana kifo huwezi kukikatisha. Alikuwa amefika hospitali ya pili Twaiba alipopiga kelele:

"Nimelipata!"

Akachomoa kitu tunduni. Hakikuwa jino. Kilikuwa kikopo cha vidonge, kimezungushiwa tepu nyeusi ya mafundi wa umeme. Kikamponyoka, kifuniko kikafunguka, vikamwagika mchangani ushanga mwekundu, pini, na kijikaratasi cheupe kimeviringwa.

Twaiba akaruka nyuma. "Fingo!"

Sisi Wadigo fingo twalijua. Ni dawa inayofukiwa, na asiyelifukia halishiki. Watu wakarudi nyuma wakaacha duara, katikati kikopo peke yake. Mzee Jaafar akaomba koleo la mkaa. "Litupwe baharini, sasa hivi."

"Msilitupe!" akasema Kavindu.

Wote wakamgeukia. "Kwani lako?"

Mwanamke wa bara, fingo limetoka kwenye ukuta aliokuwa akiupapasa. Niliona hatari ile hata bila miwani. Lewis akapaaza sauti, mkono bado uko kwangu: "Wazee, hii ni game tu!"

"Wachawi wote husema wanacheza," akajibu Jaafar, koleo limefika.

Nikakohoa. "Jamani, fingo hili nalijua," nikasema. "La namna hii ukilitupa baharini, samaki huhama. Marehemu mume wangu alitupa moja, tukala mchicha mpaka tukaanza kuota majani. Dawa yake ni moja. Mtu aandike jina lake kwenye karatasi hiyo, awe wa kwanza. Ubaya wote utamwingia yeye, kikopo kitabaki kopo tu."

 Jaafar akalishusha koleo.

"Na atakayekubali ni nani?" akauliza Jaafar.

"Mimi!" akasema Kavindu. Alilisema kwa furaha mno. Nikamkanyaga mguu. Akajaribu kulia.

"Hapana! Mimi!" akasema Lewis, anajikurupusha.

Loo, wale akina mama! Walimzunguka kama kuku na kifaranga. "Mtoto mzuri hivi! Hata hajaoa! Una mama yako Bamburi, mwanangu, mfikirie mama yako!" Twaiba akamnyang'anya kofia ngumu asikimbie nayo.

Kavindu akapiga magoti, akakunjua karatasi. Tupu, nyeupe pe. Mstari wa juu unamngoja. Akatoa kalamu yake, akaandika. Haikutoa kitu. Akaipuliza, akaipasha moto viganjani, akaandika tena, ikakwaruza kama kucha. Wino ulikuwa umekauka.

"Nani ana kalamu?"

Nani ataazima kalamu yake kwa fingo? Wavuvi wakatazama bahari. Mwenye kalamu alikuwa mmoja, Lewis, inang'aa mfukoni mwa shati lake, naye akaona kwamba tumeiona. Akacheka, akaifunika kwa kiganja cha mkono uliobaki. Jaafar akafungua koleo, anainama.

Kavindu akatazama kulia, akatazama kushoto. Miguuni pa Twaiba palikuwa na beseni la ngisi, wabichi, hawajasafishwa. Akaruka, akamshika mmoja, akampasua kwa kidole, wino ukafoka mweusi mpaka kiwiko. Akaokota mwiba wa samaki, akachovya, akaandika.

Kama kulikuwa na mtu pale ambaye bado ana shaka kwamba hii ni dawa, shaka ilimtoka. Mwiba, wino wa ngisi, mwanamke anatetemeka! Jaafar akaanza kusoma dua. Twaiba analia kwa kwikwi. Mimi kusoma sijui, lakini niliziona herufi zikitoka moja moja, kubwa kubwa, maana mwiba haujui kuandika ndogo, mpaka jina likafika mwisho wa karatasi na karatasi ikaisha.

Kavindu akalitazama. Kisha akacheka.

Hakucheka kidogo. Alianguka chali mchangani, miguu juu, mikono imejaa wino.

"Umemwingia!" akapiga kelele Twaiba. "Ubaya umemwingia!"

"Ni ule wa kicheko," nikawaambia. "Huo huisha."

Lakini haukuisha, ukaambukiza. Jaafar alipasuka katikati ya dua. Twaiba akacheka na machozi yake hayajakauka. Mimi nilicheka hata nikaachama, na hapo ndipo Twaiba alipochungulia kinywani mwangu akayaona meno yangu, yote meupe, hakuna pengo la dhahabu wala la shaba. Akanipiga kibao cha begani mpaka nikakaa. "Ajuza muongo wewe!" Akacheka zaidi.

Mkono wangu ulikuwa umelegea. Lewis akatoka pole pole, akachukua karatasi, akatafuta mahali. Mstari wa juu Kavindu, wa chini yake mguu wa Kavindu, wa mwisho mkia wa Kavindu. Akageuza upande wa nyuma, akaandika jina lake kwenye pembe, na kando yake akachora ule uso, safari hii mdomo umepinda chini.

"Hongera, dada," akasema. "Lakini uende na mtu mwingine. Huyu bibi ana mkono wa seremala."

Kikopo tukakirudisha tunduni, Jaafar mwenyewe akishika kifuniko kwa koleo.

Siku ya pili Kavindu alipiga pasi shuka na kidole kimoja kimesimama juu, cheusi kwa wino, hakikuguswa na sabuni. Msimamizi akamwuliza kama ameungua.

"Hapana," akasema. "Kinakauka."