Kidole cha Kaka Mbaruku

Nyumba yetu ya Malindi ilikuwa katikati ya misikiti mitatu, na waadhini wake hawakuanza pamoja hata siku moja. Wa kwanza alikuwa na sauti nyembamba, wa pili akimdaka katikati ya maneno, na wa tatu, mzee mwenye pumu, akiwafuata polepole huku akivuta pumzi kila baada ya neno. Sote nyumbani tulinyanyuka kwenda kutia udhu. Kaka yangu Mbaruku alibaki mkekani akikaza skrubu za redio ya mtu, na mara nyingine alisema bila kuinua macho, "Mzee leo kifua kimembana, mpelekeeni asali." Aliwajua wote kwa sauti, na aliwapenda. Ila hakuamini kwamba kuna Mungu, na hakuficha.

Nilikuwa na miaka kumi na moja alipofariki, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Yeye alikuwa na ishirini na nne. Baba hatukuwa naye. Mwaka wa Mapinduzi alitoka kwenda kuswali alasiri, akasema tumwekee chai, na hakurudi, wala maiti yake hatukuipata tukaizika. Mimi nilikuwa mdogo mno, haya nimehadithiwa. Mama alisoma Yasini siku arubaini, na Mbaruku alikaa naye siku zote hizo akisoma kwa sauti mpaka koo likamkauka. Siku ya arubaini na moja alifunga msahafu, akaurudisha juu ya kabati kwa adabu, na hakuushika tena. Baadaye alipelekwa Ujerumani Mashariki kusomea umeme, akarudi na kuingia kazini kutandaza nyaya katika majumba mapya ya Michenzani. Majirani walisema Wajerumani ndio waliomharibu. Yeye alicheka. Alisema Wajerumani walimfundisha nyaya tu, haya mengine alijifunza ukumbini kwetu, akimsubiri baba.

Hakuwa mtu wa kudharau. Mwezi wa Ramadhani alikula nyuma ya mlango, na alinikataza nisiwacheke wanaosinzia kwenye tarawehe. Lakini akiulizwa, alijibu. Aliyemuuliza zaidi alikuwa Mjomba Khatibu, kaka yake mama, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani chumba cha chini na kuswalisha katika msikiti wa karibu. Walikaa barazani na kahawa yao, na mimi nikapeta mchele karibu nao ili nisikie. Siku moja Mjomba alisema hakuna nyumba isiyo na fundi, sembuse dunia. Kaka akamjibu taratibu kwamba nyumba ikiwaangukia watoto fundi huitwa akaulizwa, sasa huyu mbona haulizwi? Mjomba aliweka kikombe chini kwa nguvu hata kahawa ikamwagika kwenye kanzu. Akaapa mbele ya watu kwamba hatasimama mbele ya jeneza la Mbaruku, wala hatamruhusu mtu wa msikiti wake kusimama, mpaka Mbaruku atamke shahada kwa ulimi wake mwenyewe.

Tangu siku ile mama hakujali tena nani ana hoja. Alikuwa ameshampoteza mume asiye na kaburi, na sasa aliogopa atakuwa na mwana asiye na wa kumzika. Nilimsikia akimbembeleza jikoni.

"Kasimame tu, mwanangu. Safu ya nyuma. Nani atakuuliza unasoma nini?"

"Mama, nikisimama nitakuwa nakudanganya wewe. Na kama Yeye yuko, nitakuwa namdanganya na Yeye."

"Basi nidanganye."

Kaka alimshika mkono, akaubusu, na hakwenda.

Kisha akaumwa ini. Macho yake yakawa rangi ya binzari, tumbo likajaa maji, na hospitali ikaturudishia akafie nyumbani. Mama alikaa kitandani kila siku, mdomo kwenye sikio lake, akimtamkia shahada neno moja moja ili aifuate. Yeye alitabasamu, au aliomba maji. Siku ya mwisho mama aliona pumzi zimebadilika, akateremka mbio kumwita Mjomba, akaniacha mimi na kitambaa cha kumlowesha midomo. Jua lilikuwa limevuka paa la nyumba ya mbele likampiga usoni. Kaka akainua kidole cha shahada cha mkono wa kulia, akakielekeza dirishani.

"Jua," alisema.

Nikaenda kufunga dirisha. Nilipogeuka alikuwa ameshakata roho, na kidole bado kimenyooka juu ya shuka.

Mama alipoingia alikiona kidole kabla hajauona uso. "Katamka?" aliuliza. Mjomba aliinama, akakitazama kile kidole, kisha akanitazama mimi. "Zuhura, wewe ndiye uliyekuwa naye. Umemsikia akisema nini?"

Mama alikuwa ameuma upindo wa kanga.

"Kasema shahada," nikajibu.

Mjomba alilia kama mtoto. Mama alisujudu palepale sakafuni. Kaka akaoshwa, akaswaliwa na msikiti mzima, akazikwa kabla ya magharibi. Kufika hitima watu walikuwa wakisema aliitamka mara tatu na uso wake uling'ara. Miaka mingi baadaye, mtoto wa mtaani akiuliza maswali mengi kuhusu Mungu, aliambiwa amtazame Mbaruku, jinsi alivyobisha na jinsi alivyorudi. Mtu aliyekataa kumdanganya hata mama yake, mimi nilimfanya ushahidi wa jambo asilolikubali.

Mama aliishi miaka ishirini baada ya hapo, na alilala usingizi. Sikumwambia. Sasa yeye na Mjomba wameshakwenda. Juzi mjukuu wangu alisema mezani, huku anatafuna, kwamba yeye hajui kama anaamini. Mama yake alimgombeza kidogo, kisha akampa bakuli la mchuzi. Hakuna aliyeapa. Niliinuka nikaenda jikoni, nikasimama huko mpaka uchungu ukapungua.

Mimi naamini. Nimeswali maisha yangu yote, na sisemi kwa kujisifu. Kama kaka ndiye aliyekuwa sawa, basi karatasi hii ndiyo haki yote atakayoipata, naye hawezi kuisoma. Lakini kama Siku ya Hesabu ipo, ataulizwa alisema nini saa ile ya mwisho, naye atajibu kweli kama alivyozoea, mbele ya mama, mbele ya Mjomba, na mimi nimesimama pale. Kwa hiyo naomba siku hiyo iwepo, ingawa mimi ndiye nitakayeaibika.