Shamba Letu

Lori la mahindi mabichi kutoka Kitale linaposimama hapa Kakuma, harufu hunifikia ofisini kabla turubai halijafunguliwa: majani yaliyochemshwa na joto la njiani, na utamu kidogo kama wa maziwa. Wenzangu hutoka mbio kwenda kununua. Mimi hubaki kitini, uso umenipanda moto, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

Nilikulia Lodwar, baba akiwa karani wa mambo ya maji. Jina langu ni Nekesa, yaani aliyezaliwa msimu wa mavuno, jina la kuchekesha mahali ambapo hata mchicha huota kwa kubembelezwa. Siku moja mwalimu alituuliza kwetu ni wapi, na kila mtoto akawa na neno lake. Watoto wa maafisa waliotoka Nairobi walisema ushago, yaani kijijini. Wengine walisema boma. Rafiki yangu Akiru alisema awi, ndivyo Waturkana wanavyoita boma la watu pamoja na mifugo yao, na alipoulizwa iko wapi akajibu kwa upole, "Ilikuwa upande wa Kataboi, mwalimu. Sasa mvua imenyesha, sijui." Darasa likaangua kicheko. Nami nikacheka, kisha nikasimama, kifua mbele: "Sisi kwetu ni shambani. Tuna shamba Kitale."

Maneno hayo sikuyatunga. Niliyatoa kwa nyanya yangu, Kukhu, aliyekuja kuishi nasi miguu ilipoanza kumsumbua. Jua likipungua ukali alikaa mlangoni akitusimulia habari za shamba letu: mahindi yanayompita mtu kimo, mto ulio chini ya mikaratusi, udongo mweusi unaoganda kwenye visigino. "Nikifa mnirudishe shambani kwetu, nilale karibu na mzee," alikuwa akisema. Baba aliitikia, "Sawa, mama," huku akitazama pembeni. Mimi sikuwahi kufika huko, lakini nilikuwa nimeshamwahidi Akiru ndama.

Kukhu alifariki alfajiri moja ya kiangazi. Kufika mchana, watu wa kwetu wanaofanya kazi Lodwar walikuwa wamejaa uani kupanga safari. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Wafula, fundi wa magari, mtu asiyependa maneno mengi.

"Gari limepatikana," akasema. "Sasa tunampeleka wapi hasa? Nani yuko huko nyumbani aanze kuchimba?"

Mimi na Akiru tulikuwa tukigawa chai. Nikasema moyoni: si umwambie, baba, shambani kwetu.

"Hatuna," baba akasema.

"Hamna mtu?"

"Hatuna shamba, mzee. Lile ni la tajiri. Wazazi wangu walikuwa vibarua pale, wakikaa kambini, kwenye vyumba vya wafanyakazi. Shamba limeuzwa, na kambi imebomolewa."

Kwa watu wetu, mwanamume mwenye mke na watoto kukosa mahali pa kumlaza mama yake ni kuvuliwa nguo mchana. Wageni waliinamia vikombe vyao. Chai ilinimwagikia kidoleni nisiisikie. Nilitamani ardhi inimeze, na zaidi ya yote sikuthubutu kugeuka nimwone Akiru.

Aliyezungumza kwanza ni mama yake Akiru, jirani yetu muuza makaa, aliyekuwa ameketi chini karibu na ukuta.

"Ejok," alianza, akitusalimu upya kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. "Nyinyi mnasumbuka nini? Sisi awi inahama na watu. Mahali watu yako inalala, hapo ndio nyumbani. Huyu mama si alikuwa analala hapa? Zika yeye hapa."

Mzee Wafula alikuna kidevu, akamtazama baba, kisha akaagiza majembe.

Kukhu akazikwa Lodwar, katika mchanga mkavu uliokuwa ukirudi shimoni kila ulipotolewa. Shuleni hakuna aliyenitania, na Akiru hakuulizia ndama. Lakini nilikaa muda mrefu nikimkasirikia baba. Kwa nini alimwacha mama yake aseme "letu" miaka yote hiyo, na mimi nikalibeba neno hilo hadi darasani?

Nilikuwa mtu mzima mama yangu aliponieleza. Kukhu hakudanganya. Alililima shamba lile tangu usichana wake, akazaa pale, akamzika mumewe pale. Kwake "letu" halikuwa neno la hati. Alipokwisha kuhamia kwetu ndipo shamba likauzwa. Baba alikwenda kuchukua vyombo vyake vilivyobaki, akakuta trekta limepita juu ya kambi na juu ya makaburi. Alisimama katikati ya mahindi machanga asijue babake yuko chini ya mstari upi. Aliporudi, Kukhu alimuuliza habari za mzee, naye akamjibu kwamba amelala salama.

Siku ile uani angeweza kueleza yote, na watu wangemhurumia badala ya kumwonea haya. Lakini Kukhu alikuwa bado chumbani, amefunikwa shuka, na dirisha lilikuwa wazi. Baba alikubali kujiaibisha mbele ya watu wote kuliko mama yake asikie kwamba mzee amelimwa.