Mama alinyimwa ruzuku kwa sababu aliwachinjia wageni jogoo

Admin, jina langu lifiche, ila watu wajue aliyeandika ni mtanashati. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili, naishi Masuguru hapa Korogwe, dereva wa lori. Shule niliishia la saba, lakini Tunduma nimelala, Lubumbashi nimelala, na kwa Kifaransa naomba chakula, naomba radhi na natongoza. Mipaka yote hiyo hainisumbui. Kinachonisumbua ni mpaka wa Handeni na Korogwe.

Mama yangu ni mzee, yuko kijijini Handeni, na miguu yake haifanyi kazi tangu alipopooza. Anajivuta kwenye mkeka. Mdogo wake, yaani mama yangu mdogo, yuko Kerenge, Korogwe, macho yamekufa. Serikali moja, umaskini uleule. Mama mdogo anapata ruzuku ya kaya maskini, mama hapati hata sumni.

Sababu ni hii. Wawezeshaji walipopita kijijini kwetu kukagua kaya, mama alisikia wageni wanakuja. Wazigua wenzangu mnajua kilichofuata. Aliwatuma majirani wamwazimie viti, chupa ya chai na vikombe vya maua, akavaa kanga mpya, akachinjiwa jogoo wake wa pekee, ukapikwa wali wa nazi. Wale mabwana wakala, wakashushia chai, wakaandika kwamba kaya hii inajiweza! Kule Kerenge waliuliza macho. Kwetu waliangalia vikombe.

Nilipanda pikipiki mpaka kwenye mkutano wa kijiji, nikasimama. Mtendaji akaniambia, "Kaka, mama yako anakula wali kuku. Tumuonee huruma ipi?"

Nikamjibu, "Mheshimiwa, jogoo alikuwa mmoja, na mliomla ni nyinyi! Mama alipata shingo!"

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akaziba uso kwa kofia. Lakini jina halikuingia. Baadaye mwenyekiti akanivuta pembeni. "Kijana wangu, zoezi linarudi. Mwambie mama asipike, avae matambara, alie kidogo."

Nikampelekea mama ujumbe. Jamani! "Shikamoo" yangu hakuitikia. "Yaani mgeni aingie kwangu atoke na njaa, halafu nijilize kama mtoto? Kwani miguu hawaioni? Waniache na ufukara wangu."

Nikiwa palepale, mama mdogo naye akanipigia simu: "Mwanangu, mlete dada Kerenge, tutamwandikisha huku." Mama akaninyang'anya simu, akasema, "Wewe, niache kaburi la mume wangu nije kuwa mkimbizi kwako? Mimi ni wa hapa. Haki yangu inifuate hapahapa."

Na msianze kuniuliza, "Wewe mtoto unafanya nini?" Namtumia kila safari. Lori si langu, watoto ninao watano, na dawa za mama hazingoji mzigo ushuke bandarini. Hata ningekuwa tajiri, miguu iliyopooza ni ya kwake, na haki ni ya kwake.

Sasa wawezeshaji wanakuja tena wiki ijayo. Jana mama kanipigia, sauti ya furaha kabisa: "Baba, nimeshapata jogoo kwa mkopo. Niletee mchele mzuri wa Korogwe, wageni wasile mapumba."

Nimeununua, uko hapa kwenye kiti cha utingo. Nikiupeleka, naweza kumkosesha dawa za mwaka mzima. Nisipoupeleka, nitakuwa nimemfundisha mama yangu kuona aibu ya kuwa mtu mwenye adabu. Kwenye mkutano nitasimama tena, hilo sihitaji ruhusa ya mtu, na safari hii nitambeba mama mgongoni mpaka mbele, waangalie miguu badala ya sahani.

Ila mchele ndio unaninyima usingizi. Nyinyi wenye wazazi, semeni nami: niupeleke au niuache? Wa kuniambia nimvalishe mama matambara, pita kimya, hatujuani.