Buti la Kushoto

Juzi, sokoni Katito, niliona picha ya mwanajeshi mstaafu anayewania ubunge, na pua yangu ikakumbuka rangi ya viatu.

Alasiri moja nilipokuwa mdogo, baba, aliyekuwa ametoka jeshini karibuni, aliyang'arisha mabuti yake ili akaombe kura. Mimi binti yake nilijua jambo moja tu: mabuti yaking'aa, baba huondoka, na hurudi baada ya mavuno mawili ya mahindi.

"Baba, Bunge iko vita?"

"Iko, nyathina, mwanangu," alicheka. "Lakini ya mdomo."

Alipokwenda kuoga, nililificha buti la kushoto ndani ya kapu la omena, wale dagaa wa ziwani. Akaenda mkutanoni amevaa akala, ndara za matairi.

"Bwana Sajini, adui alikula kiatu?" mtu akapaza sauti, na uwanja wote ukaangua kicheko.

Kura zilipohesabiwa, alishindwa. Nilishangilia peke yangu nyuma ya jiko, nikidhani nimemwokoa. Kisha baba akaja, akalitoa buti kapuni moja kwa moja, bila kulitafuta.

"Weka mbali sasa," akaniambia. "Siendi."

Baba tulikwisha kumzika. Leo ningemrudishia buti lile, aende hata Nairobi, mradi arudi mahindi yakivunwa.